Albamu Isiyo na Mwezi wa Saba

Katika albamu zetu tatu za kwanza, Johannesburg haina mwezi wa saba. Ina mwezi wa kumi, barabara za Kensington zikiwa zimefunikwa na maua ya jakaranda yaliyodondoka. Ina Desemba, mume wangu amevaa kaptura, anageuza nyama kwenye moto nyuma ya nyumba huku moshi umemziba nusu ya uso. Ina mwezi wa nne, mzabibu wa jirani umeshika rangi ya kutu. Kisha, ukifunua ukurasa, uko Morogoro: mama yangu ameketi barazani, binti yangu amezungukwa na binamu zake, keki ina mishumaa, na milima ya Uluguru imesimama nyuma yao, kijani tupu. Ukurasa unaofuata tumekwisha kurudi, ni mwezi wa tisa, na mpichi wetu umechanua. Mgeni angeweza kuamini kwamba katika mji huu mwaka una miezi tisa.

Sikuipanga iwe hivyo. Nilikuwa nakimbia tu, na kamera ilikuwa inakimbia pamoja nami.

Nilihamia hapa mwaka 1994. Mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini walioishi uhamishoni kwetu Tanzania. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kuanza kazi ya ukutubi. Tulifunga ndoa Morogoro, na kwao kulipofunguka nilimfuata nikiwa na masanduku mawili na vyeti vyangu. Watu walinionya juu ya mambo mengi: wizi, lugha, wakwe. Hakuna aliyenionya juu ya baridi, kwa sababu kwetu baridi ni jambo la kujitanda shuka jioni na kuongeza tangawizi kwenye chai.

Nilikuwa nimesoma katika vitabu kwamba baridi huja na mawingu na mvua. Ya hapa ilikuja na jua. Mwezi wa sita nyasi za uani zilikauka katika muda wa wiki moja, nami nilidhani kuna mtu amemwaga sumu. Mbingu ilikuwa ya buluu isiyo na doa, jua linawaka, na bado maji yaliyoachwa kwenye ndoo yalikuwa yameota ngozi ya barafu. Nyumba yenyewe ilijengwa na watu walioamua, sijui kwa nini, kwamba majira hayo hayapo: sakafu ya mbao yenye nyufa, dari ya juu mno, madirisha yasiyokutana na fremu zake. Mchana ulilazimika kutoka nje ili upate joto. Hewa ilikuwa kavu kiasi kwamba nilipovua sweta, cheche zililia masikioni. Nilikwenda kazini kwenye maktaba ya chuo nimevaa soksi tatu, nikiwa nahesabu siku.

"Makaburu na bunduki zao hawakunishinda," mume wangu alinitania kwa Kiswahili chake cha Morogoro, "halafu wewe unashindwa na hewa? Eish, mke wangu!"

"Makaburu mliwakimbia mpaka kwetu," nilimjibu. "Na mimi hii naikimbia mpaka kwetu. Tuko sawa."

Binti yetu alizaliwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata. Kwa mwezi mzima sikumtoa nje. Na kuanzia alipotimiza mwaka, kila mwezi wa sita ulipofika katikati nilichukua likizo yangu yote kwa mkupuo, nikamwombea ruhusa kwanza kwa walezi wa chekechea na baadaye kwa walimu, tukaondoka. Tulirudi baridi ikiwa inakata roho. Kila mwaka alizima mishumaa yake kwa bibi yake, na niliamini kwamba ninampa zawadi: joto, ndugu, na nchi ya mama yake.

Alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliwapa kazi ya kubandika picha kwenye kadibodi. Walitakiwa kuleta picha nne za nyumbani, moja kwa kila majira. Nilifurahi kumsaidia. Tulichagua jakaranda, tukachagua nyama ya Desemba, tukachagua mzabibu wa kutu. Kwa majira ya baridi nilichomoa picha ya Morogoro ya mwezi wa saba. Naapa sikuona kosa. Mwezi wa saba ndio mwezi wa baridi. Mama yangu katika picha ile amejitanda shuka mbili. Na kwangu mimi, pale palikuwa nyumbani. Niliibandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku iliyofuata mtoto alirudi na kadibodi, akailaza juu ya meza ya jikoni. Picha tatu zilikuwapo. Mahali pa ya nne palibaki gundi iliyokauka na kipande cha karatasi kilichochanika.

"Mwalimu kaibandua," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikuwa anakielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza sikuzote. "Kasema hii si baridi na kwenye picha si nyumbani kwangu. Kila mtu akacheka. Wakasema nadanganya, siishi hapa."

"Ungemwambia ni kwa bibi yako."

"Alisema nyumbani, Mama. Si kwa bibi."

"Basi tutatafuta nyingine."

"Ipi?"

 Tuliwahi kuzipitia albamu zote pamoja. Yeye alijua kama nijuavyo mimi kwamba hakuna. Alikuwa anaikwangua gundi kwa ukucha. Kisha akasema, safari hii kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Wewe unapachukia kwetu."

Sijawahi kupigwa kofi na mwanangu, lakini najua sasa lingekuwa na uzito gani. Miaka yote nilidhani naichukia hali ya hewa. Yeye alikuwa amezaliwa ndani ya hali hiyo ya hewa. Shule yake, rafiki zake na kitanda chake vilikuwa ndani yake. Na kila mwaka alimtazama mama yake akifunga mizigo kwa uso wa mtu anayetoka gerezani. Asingeweza kufikia hitimisho jingine.

"Mwakani tutabaki," nilimwambia. "Baridi yote, mwanzo mpaka mwisho. Na hiyo picha ya nne nitaipiga mimi."

"Hata siku yangu ya kuzaliwa tutakuwa hapa?"

"Hata siku hiyo."

Alinitazama kama wauza duka wanavyoitazama noti mpya. Akaichukua kadibodi, akaisimamisha juu ya kabati la vitabu chumbani kwake, ile nafasi tupu ikitazama mlango.

Mwezi wa tano ulipokuwa unaisha nilikwenda Malvern. Kwenye barabara ya Jules, nyuma ya saluni ya mke wake, palikuwa na mpiga picha Mkongo, mtu wa Lubumbashi, ambaye wengi wetu tunaozungumza Kiswahili mjini hapa tulimjua: Watanzania, Warundi, Wakenya, Wakongo wenzake. Kwake tulipiga picha za pasipoti na picha za kutuma nyumbani. Nilimkuta amepanda kiti anatundika ukutani kitambaa kikubwa kilichochorwa bustani: migomba, maporomoko ya maji, maua makubwa kama sahani.

"Kaka, nataka uje kwangu Kensington. Unipigie picha ya nyumba katika baridi."

"Ya baridi?" Aligeuka juu ya kiti. "Mama, batu banakuja hapa ju ya kuficha baridi. Weye unataka kuionyesha?"

Akashuka, akanieleza. Kila mwezi wa sita ulipokaribia aliitoa ile bustani stoo. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tisa hakuna mteja aliyetaka kupigwa nje, mbele ya duka lake wala la mwenzake. "Mutu akituma nyumbani picha ya majani yamekufa, mama yake atalia siku tatu. Atasema, mutoto wangu iko na njaa kule. Atamutumia unga!" Alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nayaona majumba yetu, kuanzia Rosettenville, kusini mwa mji, mpaka pale tuliposimama, na ndani ya kila moja albamu inayosema uongo uleule.

Nilimsimulia habari ya kadibodi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulimuambia mutoto nani atapiga?"

"Mimi."

"Basi utapiga weye." Akafungua droo, akatoa kamera ya chuma, nzito kama tofali, nzee kuliko ndoa yangu. "Hii haina akili. Akili utaleta weye. Filimu moja, picha thelathini na sita. Ukimaliza, unaniletea."

Filimu ya kwanza niliimaliza kwa siku nne. Nilitoka saa sita mchana, wakati nje kulikuwa na joto, nikapiga kila kilichokauka: nyasi, mpichi uliobaki fimbo tupu, mzabibu uliogeuka kamba, kilima cha mawe kilichoko nyuma ya mitaa yetu, ambako moto wa nyikani ulikuwa umepita na kuacha weusi. Nilikuwa na bidii. Niliamini kwamba ukweli wa baridi ndio huo, na kwamba mtoto alitaka ukweli. Mkongo aliposafisha filimu akazipanga picha kwenye kaunta, alivua kofia.

"Nani amekufa, Mama?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ju ya nini umepiga matanga?"

Nilimpelekea binti yangu hata hivyo. Alizitazama zote thelathini na sita, moja baada ya nyingine, akasema, "Ni nzuri, Mama," kwa sauti ileile anayomshukuria shangazi yake anapomletea gauni lisilompendeza. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimepiga picha kama mtu anayekusanya ushahidi wa kesi, na mshtakiwa alikuwa mji wake.

Jumamosi iliyofuata Mkongo alinishushia sanduku la kadibodi kutoka juu ya rafu. Ndani mlikuwa na picha zake mwenyewe, ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzinunua. Zote ni za baridi. Wanawake wanaouza chenza kwenye kituo, pumzi zao zikipanda kama mvuke wa sufuria. Mlinzi aliyeinamia mbaula, lile bati lililotobolewa na kujazwa makaa, uso wake ukiwa mwekundu upande mmoja. Ukuta wa matofali wa kawaida kabisa, ambao nimeupita mara mia, kila tofali limesimama na kivuli chake.

"Ni saa ngapi hizi?"

"Saa moja asubuhi. Saa moja na nusu." Alinyoosha kiganja, akakishusha karibu na kaunta. "Kiangazi, jua linapanda mbio, linapiga batu ku kichwa. Hii ya baridi inatembea chini, pembeni. Inaingia mpaka chini ya kofia ya mutu. Inaheshimu sura. Weye unatoka saa sita kama mutu wa benki, utaiona wapi?"

Kuanzia siku hiyo nilijiwekea sheria: kila siku kabla ya kwenda kazini, nje, kabla jua halijachomoza, picha moja na si zaidi. Sikuwa nimevutiwa bado. Nilikuwa nimekusudia tu, na kukusudia kulitosha kunitoa kitandani. Nilivaa koti la mume wangu lililonifika magotini na soksi zangu tatu. Asubuhi ya kwanza vidole vilikufa ganzi kabla sijalenga. Ya pili, pumzi yangu iliziba kioo cha kuchungulia. Ya tatu nilisimama nimebana pumzi, na nikaona kwamba moshi wa majiko ya upande wa bondeni haupandi. Ulikuwa umelala juu ya mapaa, umenyooka kama shuka lililotandikwa, na jua lilipoinuka lilipita katikati yake likawa la rangi ya asali. Lilidumu dakika nne hivi. Nilipiga picha yangu moja, nikabaki nimesimama.

Mume wangu alinikuta kizingitini ninaingia. Hakunitania. Alinikabidhi kikombe cha chai, na kesho yake nilikuta chupa ya chai imejazwa na kuwekwa karibu na mlango.

Halafu nilifanya kosa. Kamera ile ya chuma ilikuwa inazubaa kwenye baridi; kitufe kilishuka polepole kama kiungo chenye maumivu, na mimi, niliyelelewa kuamini kwamba kila kinachopigwa na baridi hufunikwa na kuwekwa penye joto, niliionea huruma. Kila nilipoingia ndani niliiviringisha kwa khanga kama kichanga nikailaza juu ya hita ya mafuta ya taa iliyokuwa imewashwa. Nilifanya hivyo siku ishirini na kitu. Sikungoja filimu ijae, niliipeleka Malvern nikiwa na fahari ya mwanafunzi bora.

Mkongo alitoka chumba cha giza ameishika filimu kwa ncha za vidole. Ilikuwa imepinda, na picha juu yake zilikuwa ukungu wa rangi ya chungwa.

"Mama, hii umeiweka wapi?"

Nilimweleza.

"Juu ya moto?" Alifunika uso kwa mikono miwili. "Ah, Mama! Filimu si sombe! Hii haichemshwi!" Mke wake saluni, aliyekuwa anamsuka mteja, alirudia neno hilo la majani yao ya muhogo, na wanawake wote wakaangua kicheko. Nilicheka nao kwa adabu, nikatoka, nikaketi ndani ya gari, nikalia. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufikia siku ya kuzaliwa ya mwanangu. Sikuwa na picha hata moja.

Jioni hiyo mama yangu alipiga simu kutoka Morogoro.

"Mwanangu, mbona mwaka huu kimya? Chumba nimekwisha kukifagia, na binamu zake wanamuulizia kila siku."

"Mwaka huu hatuji, Mama. Tutakuja Desemba."

"Desemba na joto lile? Mtoto anaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Mume amekukataza?"

"Hapana, Mama. Nimejikataza mwenyewe."

"Sasa huko mnabaki kufanya nini, na ulisema watu wanaganda?"

Ilikuwa rahisi sana kusema nimeshindwa. Ndege zilikuwapo. Ningeweza kumwambia mtoto kwamba nimejaribu, na isingekuwa uongo. Lakini yeye alikuwa amekaa sakafuni nyuma yangu, anajifanya anapaka rangi kitabu, na mkono wake ulikuwa umesimama.

"Tunabaki," nilisema. "Kuna kazi sijaimaliza."

Kesho yake, nilipokuwa nafunga vifungo vya koti gizani, kamera ina filimu mpya na sheria ya picha moja nimeifuta, alitoka chumbani amekwisha vaa viatu. "Nakuja," alisema. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilitaka kumrudisha kitandani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale ya kifua na kikohozi. Nikampa skafu yangu.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba bomba la uani linalovuja hujenga usiku kucha kinundu cha barafu chenye matabaka, na ukikiweka mbele ya jicho unaiona nyumba imepinduka. Alinifundisha kukanyaga sakitu, ule umande ulioganda juu ya nyasi zilizokufa, na kusikiliza inavyovunjika, kama mtu anayetafuna bisi. Alishika kijiti kati ya vidole viwili, akapuliza mvuke. "Navuta sigara, Mama." Nilipomkaripia alipuliza tena.

Tukapanda kile kilima cha mawe. Mashubiri yalikuwa yamechanua. Kwa maisha yangu yote shubiri ulikuwa ni utomvu mchungu ambao mama yangu aliupaka kwenye titi ili mdogo wangu aache kunyonya. Sikujua kwamba mmea huo unatoa maua, wala kwamba unayatoa wakati kila kingine kimelala. Ulisimama katikati ya weusi wa moto na mikuki ya maua mekundu, na chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, wakining'inia juu yake wakifyonza. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimekipiga picha kilima hichohicho kutoka chini. Maua lazima yalikuwa yameanza kuchomoza.

Na nikajifunza jambo la mshale. Ndani ya kamera ile kuna mshale unaopima mwanga, nao hudhani kwamba dunia nzima ina weupe wa wastani. Ukiuonyesha sakitu inayong'aa unashtuka, unakushauri uzibe, na picha inatoka ya kijivu. "Usiusikilize," Mkongo aliniambia. "Ukiona nyeupe nyingi, fungua lenzi zaidi kuliko unavyotaka mushale. Yeye haijazoea." Kwa siku kadhaa nilifungua kwa kukumbuka. Baadaye vidole vilizungusha pete ya lenzi bila kuniuliza.

Siku mbili kabla ya siku ya kuzaliwa, nilikuwa nimesahau nguo kwenye kamba. Tulipotoka asubuhi, mashati ya mume wangu yalikuwa yamesimama. Sina neno jingine. Hayakuning'inia, yalisimama hewani, mikono imenyooka, magumu kama mbao, yenye unga mweupe wa sakitu mabegani. Nilikimbia kuyaanua nikiogopa yasije yakavunjika, na nilipoligusa la kwanza lilitoa mlio. Binti yangu aliangua kicheko. Alisogea mbele ya shati la baba yake, akainua ngumi ndogo, akaligonga kifuani mara tatu.

"Hodi!" aliliambia shati. "Hodi humu!"

Niliinua kamera. Sikumpanga, sikumwambia asimame vizuri. Nilipiga.

Siku ya kuzaliwa kwake walikuja watoto kumi na mmoja wa darasa lake. Walikula keki kwenye nyasi zilizokufa, jua la saa saba likiwa limewapasha migongo, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kujua kwamba nyasi hizo ni za kusikitikia. Picha ya mwisho ya filimu niliimalizia hapo.

Jumamosi tulikwenda Malvern wote wawili. Mkongo alizipanga thelathini na sita kwenye kaunta, safari hii kofia ikiwa kichwani. Alichukua ile ya shubiri na chozi, akaiinua mwangani. "Hii. Hii unaweza kutundika ku ukuta." Mimi niliipenda ya sakitu, bustani yote nyeupe na njia moja ya nyayo ndogo ikikatiza; nilijua ilinigharimu asubuhi ngapi. Tulibishana, mtoto akiwa kati yetu, kama wazee wa baraza.

Mtoto alikuwa ameshika nyingine. "Hii."

Ilikuwa ya mashati. Mkongo aliinama, akatikisa kichwa. "Hapana, petite. Angalia, mama yako ameharibu. Kivuli chake kimeingia ndani. Nilimuambia, jua weka pembeni, haliwekwe mugongoni."

Alisema kweli. Jua lilikuwa chini nyuma yangu, na kivuli changu kilikuwa kimelala uani kote, kirefu kuliko mti, kikiwa na koti la mume wangu na viwiko vilivyoinuliwa kushika kamera. Kichwa cha kivuli kilikuwa kimefika kwenye viatu vya mtoto.

"Ndiyo maana," alisema binti yangu. "Mama yumo."

Mkongo alinitazama, akaitia picha kwenye bahasha.

Shule zilipofunguliwa alikuwa darasa la nne, na hakuna mtu aliyekuwa anadai kazi ya mwaka uliopita. Aliibandika picha mwenyewe, akashinikiza pembe nne kwa kidole gumba, akaibeba kadibodi kwa yule mwalimu wa darasa la tatu wakati wa mapumziko. Mimi kazini nilipanga vitabu mahali pasipo pake siku nzima.

"Ehe?" nilimuuliza alipoingia jikoni. "Kasema nini?"

"Kauliza nani kapiga. Nikamwambia Mama." Alikuwa anatafuta mkate. "Kasema mama yako anaamka mapema sana."

"Ulimwambia kwamba ni nyumbani? Kwamba ni hapa?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisu cha siagi mkononi, akanijibu kwa Kiswahili.

"Hakuuliza, Mama. Si inaonekana?"